Mwenyekiti wa Watu Wasiojuana

Nilimjua. Naanza na neno hilo kwa sababu nimelikana mara nyingi: kwanza kwenye simu, kisha mbele ya wenzangu, na baadaye katika kila mazungumzo ambamo habari zake zilizuka nami nikajifanya natafuta miwani. Udhuru wangu ulikuwa kwamba aliyenipigia alimtaja kwa majina ya pasipoti, na sisi tulimwita Mwenyekiti tu, basi ningejuaje? Ni udhuru mzuri, udhuru wa mtu aliyepitia chuo kikuu. Kasoro yake ni kwamba niliwahi kuishika ikama yake, kibali chake cha ukaazi, nyumbani kwake Kandara, Jeddah, nikamcheka kwa picha aliyopigwa kama mtu anayezuia chafya. Majina yote niliyasoma. Niliyakumbuka vizuri siku nilipoulizwa, na nikajibu, "Simjui huyo mtu."

Uenyekiti wake ulikuwa wa namna yake. Kundi letu lilikuwa la Wakenya waliotawanyika kati ya Riyadh na Jeddah, wengi wao wanawake wa kazi za nyumbani, pamoja na madereva na walinzi wachache. Halikuwahi kukutana hata mara moja, kwa sababu wengi wetu hatukuwa na siku ya mapumziko, na waliokuwa nayo waliitumia kulala. Liliishi ndani ya simu. Hakuna aliyempigia kura. Alijitangaza mwenyewe kwa ujumbe wa sauti: "Kwa vile naona hakuna anayetaka, nimekubali." Hakuna aliyekuwa ameombwa.

Kwa jina lilikuwa kundi la kusaidiana kwenye misiba. Kazi yake hasa ilikuwa kujikinga na watu wa madeni wa Nairobi.

Nieleze kidogo kwa asiyepitia huko. Wakala anakuambia safari yote imelipiwa na mwajiri, kisha inakuja pasipoti, vipimo vya hospitali, nauli ya kwenda na kurudi Nairobi, na begi lenye magurudumu ili usifike ugenini na gunia. Unakopa kwa programu ya simu. Simu inauliza maswali, unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, na moja kati ya hizo ndiyo inamfungulia mkopeshaji nambari zote ulizohifadhi. Unapanga kulipa kwa mshahara wa kwanza. Mshahara wa kwanza unazuiliwa, na wa pili pia. Watu wa madeni wanaanza kupiga kwako, kisha kwa mama yako, kwa mchungaji, kwa jamaa aliyewahi kukuuzia godoro. Nawe ukiwa Riyadh, kwa wasiwasi, unaifungua tena programu ile kuona deni limefika wapi. Simu uliyonunua huko inauliza tena. Unabonyeza ndiyo. Sasa wana nambari ya madam.

Hilo ndilo lililotunyima usingizi. Mwanamume asiyejulikana anampigia madam kutoka nchi nyingine na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi wake ni mwizi. Madam hasikii habari za riba wala za mishahara iliyochelewa. Anasikia mwizi, na nyumba ina dhahabu. Siku bangili itakapoangukia nyuma ya kochi, wewe utakuwa kituo cha polisi ukijifunza Kiarabu cha haraka.

Mwenyekiti alikuwa na sheria zake. Simu ya mwanakundi isiwe na jina la kweli hata moja. Madam wangu alikuwa "Fundi Bomba". Rafiki yangu mmoja aliandikwa "Unga" na Mwenyekiti. Mimi mwenyewe, katika simu ya Mwenyekiti, nilikuwa "Sabuni", na sikuwahi kuuliza kwa nini. Sheria ya pili alituimbisha kama watoto wa chekechea: akipiga mtu wa nyumbani, mwenye adabu, akauliza kama unamjua fulani, humjui.

"Hata kama fulani amekaa hapo anakula kwenye sahani yako," alisema. "Mtazame usoni na useme humjui."

Alikuwa mfupi na mpana, na alitembea kama aliyebeba sinia kichwani. Mikono ya baibui lake iliungua kwa mafuta ya kukaangia, na juu ya harufu ya vitunguu alijimwagia udi mwingi hadi mtu akiingia chumbani anajua Mwenyekiti alikuwepo hapo asubuhi. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba za Riyadh kwa miaka mingi kabla kafili wake, yule mwajiri mdhamini, hajamwachia ajitafutie, mradi ampelekee chake kila mwezi. Ndipo akahamia Jeddah, akapanga vyumba viwili Kandara, akawa anawapikia madereva. Ugali wake ulikuwa mgumu kama msimamo wake. Ijumaa walikuja watu wachache kusali pale, na redio ikawekwa juu ili majirani wasikie mpira, si maombi. Sala yake haikuzidi pumzi moja: "Mungu, unatuona. Halas. Amina." Madereva walimpenda kwa hilo kuliko kwa chakula.

Nilikutana naye uso kwa uso mara ya kwanza Batha, alipokuja Riyadh kununua sufuria za bei ya chini. Mimi nilikuwa nimekwenda Saudia kufundisha watoto wa nyumba moja Kiingereza. Hivyo ndivyo mkataba ulivyosema na hivyo ndivyo nilivyowaambia nyumbani. Watoto niliwafundisha kweli, baada ya kuosha vyombo, vyoo, gari la baba na, kila Jumatano, bibi yao. Mwenyekiti aliniita Mwalimu, na hadi leo sijui kama aliniheshimu au alinicheka.

Tuliketi kwenye mkahawa wa chai, sufuria zikiwa zimetuzunguka. Nikamweleza kwamba kuna mtu alitumia kitambulisho changu kukopa, na sasa ninasumbuliwa bure.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Na huyo mwizi, simu ilipompiga picha ya uso, alivaa uso wako?"

Nikasema teknolojia ya siku hizi ni ya ajabu.

"Ni kweli. Na hizo hela alizituma wapi?"

Nikanywa chai. Zilikuja kwenye laini yangu.

"Mwizi mwenye roho nzuri," alisema. "Wangu waliiba wakaenda nazo."

Alicheka peke yake, kicheko kikubwa kilichoishia kwa mluzi na kuwafanya wahudumu wageuke, kisha akanyoosha mkono nimpe simu. Hatukukaa sana kabla haijaita. Nambari ya nyumbani. Akaijibu kwa sauti ya mwanamke mzee kuliko yeye.

"Haloo? Ameingia kuoga. Mimi ni mama mkwe wake. Na wewe unaitwa nani, mwanangu?"

Sauti ya kijana ilisema hiyo ni simu ya kiofisi.

"Ndiyo nakuuliza jina la kiofisi."

Kijana akaanza kusoma maneno yake ya kutisha. Mwenyekiti alimwacha afike mwisho, akamwitikia "ehe" na "kweli kabisa" kama mtu anayesomewa habari za ukoo. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado, mama."

"Saa hizi? Ofisi nzima hiyo hakuna hata chai?"

"Mama, tafadhali, deni."

"Deni lipo, halijakanwa. Atalipa kidogo kidogo, tarehe hakuna. Lakini sikiliza nikuambie. Ukimpigia mwajiri wake, atafukuzwa. Akifukuzwa, mimi sina, yeye hana, na wewe utakula nini?"

Alizungumza naye hadi chai yangu ikapoa, na mwisho kijana akakubali vipande vidogo vidogo na kuahidi kutompigia madam. Nilitaka kumkumbatia. Yeye alikuwa amekunja uso.

"Huyo mtoto hajala," alisema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima.

Hilo lilikuwa jambo moja ambalo hatukumwelewa. Alipigana na watu wa madeni kila siku, lakini hakuruhusu watukanwe. Dada mmoja aliyemporomoshea kijana wa Nairobi matusi ya nguoni, kisha akaturushia rekodi kundini ili tumshangilie, alitolewa kwa wiki nzima. "Yuko kazini," Mwenyekiti alisema. "Wewe ukitukanwa na madam unafurahi?" Tuliona ni Ukristo.

Nisimfanye malaika. Hakumkopesha mtu hata riyali, na huduma yake ilikuwa na ujira: muda wa maongezi kwa wanyonge, chupa ya manukato kwa wenye nafuu. Alikuwa na kinyongo cha muda mrefu. Na alikosea, wakati mwingine vibaya. Msichana mmoja kutoka Bungoma, aliyefanya kazi Ghulail, huko huko Jeddah, aliambiwa na Mwenyekiti asijibu simu kabisa, watachoka. Hawakuchoka. Walimgeukia mama yake kijijini, wakampigia kila asubuhi, wakampigia hata akiwa kanisani, hadi mama akauza ng'ombe wa maziwa kulipa deni lililokuwa limeshapita thamani ya ng'ombe. Msichana alilia kundini kwa ujumbe wa sauti ambao sote tuliusikiliza.

"Ng'ombe hununuliwa tena," Mwenyekiti alisema.

Hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Madereva walisimulia kwamba mwezi ule aliunguza chapati kila siku na yeyote aliyelalamika aliambiwa mlango uko wapi. Msichana alijitoa kundini. Mwenyekiti hakumtaja tena, ila nambari yake hakuifuta.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyemsomesha kwa kupiga deki na kukaanga. Alimtaja kwa majivuno na kwa maneno machache.

"Mwanangu yuko ofisini."

"Ofisi gani, Mwenyekiti?"

"Ya simu."

Tulidhani anauza simu. Kila Ijumaa jioni alijifungia jikoni akaongea naye, na akitoka huko alikuwa na habari mpya, ambazo sisi tulihesabu kuwa matunda ya uzoefu wake. "Sasa hivi watawaambia wana wakili. Hakuna wakili. Ni kijana wa meza ya pili amebadilisha sauti." Au: "Mwisho wa mwezi msijibu, wanakimbiza hesabu, watakuwa wakali." Mimi, msomi wa kundi, niliwahi kuwaeleza wenzangu kwamba Mwenyekiti ana akili ya kuzaliwa ya kusoma wanadamu. Nilitumia hata neno "saikolojia".

Nilipolipa kipande cha mwisho, nilikuwa nimekwisha kuhama ile nyumba na kupata kazi kwenye shule ndogo ya chekechea hapo hapo Riyadh, msaidizi wa darasa, mwenye ikama safi na Ijumaa yake. Nilimtumia Mwenyekiti manukato. Akajibu kwamba chupa ni ndogo.

Kisha siku moja, nikiwa nawafunga watoto kamba za viatu, simu iliita. Nambari ya nyumbani. Sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu iliyofundishwa.

"Habari ya mchana. Samahani, naongea na... Sabuni?"

Nikajua ni wao. Nani mwingine angeniita Sabuni ila mtu aliyeingia ndani ya simu ya mtu?

"Unasemaje?"

"Je, unamfahamu mama mmoja anayeitwa..." Akataja yale majina yote, moja baada ya jingine, kama yalivyo kwenye ikama.

Nikawaza: kumbe Mwenyekiti naye anadaiwa! Nakiri kwamba nilifurahi kidogo. Nikasema, "Simjui huyo mtu."

"Una uhakika, dada? Ni muhimu sana."

Daima ni muhimu sana. Nikakata na kuifungia nambari. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mzuri, nikaandika kundini: *Kuna mwanamke mwenye sauti tamu anamtafuta Mwenyekiti. Msimjibu.* Wenzangu walinipongeza. Wawili walisema ameshawapigia na wamemkana. Mmoja aliweka picha ya kucheka. Mwenyekiti mwenyewe hakuandika kitu, nasi tukasema, mnaona, amejificha, anajua kazi.

Zilipita wiki. Dereva mmoja aliyekuwa akila kwake ndiye aliyerudi kutoka safari ndefu, akaenda Kandara na kukuta kufuli. Aliandika kundini: *Mathe ako wapi? Jirani anasema alibebwa na ambulensi kitambo.*

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Kisha nikaitoa ile nambari kwenye kifungo, nikapiga.

"Ehe," ilisema ile sauti, safari hii bila adabu yoyote. "Sasa unamjua?"

Alikuwa nesi, mtu wa Kisii, katika hospitali kubwa ya Jeddah. Mwenyekiti alianguka ngazini akiwa amebeba mtungi wa gesi. Upande wa kulia ulipooza na ulimi ukafa. Kafili, alipopigiwa, alisema mwanamke huyo si wake tena, mafi, hakuna. Nesi alikuta simu haina neno la siri, lakini ndani yake hamkuwa na mama, dada wala mwana. Mlikuwa na Sabuni, Unga, Mkate, Fundi Saa. Alitumia laini yake ya nyumbani kwa sababu ndiyo iliyokuwa na salio, akawa anawapigia mmoja mmoja baada ya zamu zake, bila kuwamaliza, na wote aliowapata, watu ambao mwanamke huyu aliwalinda, wakasema kwa sauti moja, tena wengine kwa kiburi, kwamba hawamjui.

"Nilifikiri labda ni mtu mbaya," nesi aliniambia. "Nikasema huyu alifanya nini, hata asiwe na mtu mmoja?"

Nilipanda basi la Jeddah pale Batha asubuhi iliyofuata. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia. Nina kipaji hicho. Nilipofika wodini yote yalikuwa yameisha.

Alikuwa amekuwa mdogo. Hakunukia udi, alinukia sabuni ya hospitali. Mdomo ulivutwa upande mmoja. Jicho la kushoto lilinitazama kwa muda mrefu, na nikangoja kejeli, na haikuja, kwa sababu haikuwa na mahali pa kutokea. Nikamshika mkono ule uliokuwa hai.

"Mwenyekiti, nilipigiwa nikasema sikujui."

Alitoa sauti kutoka kooni. Sijui ilisema nini. Sikumtafsiria wakati ule na sitamtafsiria sasa.

Nesi alinieleza hali ilivyo. Daktari alisema sasa ndipo anapoweza kusafiri, hali yake ikiwa imetulia. Kikimpata kiharusi kingine hataondoka tena. Tiketi ingeweza kushughulikiwa. Kilichokosekana ni jamaa wa kusema kwamba yuko, ni wake, na atampokea. Bila hivyo ofisi ya hospitali haikutaka kumweka mgonjwa asiyesema kwenye ndege ya kwenda kwa mtu asiyejulikana.

"Ana mtoto," nilisema.

"Yuko wapi humu?" Nesi alinipa simu ya Mwenyekiti, aliyokuwa ameichaji kwa chaja yake.

Nikakaa kitandani. Nilianza kumsomea majina, huku nimeshika vidole vyake. Fundi Saa? Hakuna. Unga? Nilimjua Unga. Duka la Viatu? Hakuna. Mkate? Jicho lilijifumba, nikadhani amelala, nikasubiri. Lilipofumbuka nikaendelea. Nazi. Betri. Pazia. Gesi.

Vidole vilikaza. Sikutarajia mtu mgonjwa awe na nguvu hizo.

"Gesi ndiye?"

Havikulegea.

Nilipiga kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje ili nesi asikie na kuandika. Iliita sana. Kisha sauti ya mwanamume: "Haloo, nani?"

"Napiga kutoka hospitali, Jeddah. Niko na mamako."

"Uko na mamangu," alisema. "Wewe ni tapeli wa tatu tangu apotee mtandaoni, dada. Wa kwanza alitaka hela za dawa, wa pili za ambulensi. Wewe ni za nini?"

"Sitaki hela. Nataka useme utampokea uwanja wa ndege."

"Mpe simu aongee."

"Hawezi. Amepooza. Ulimi hautoi neno."

"Mamangu hajawahi kunyamaza tangu nizaliwe." Hakupandisha sauti. Aliongea kwa adabu ile ninayoifahamu, ya mtu aliyezoea kudanganywa mchana kutwa. "Tafuta mwingine."

Ndipo niliposikia kilichokuwa nyuma yake. Sauti nyingi, za wanaume na wanawake, zikipandana. *Je, naongea na. Unafahamu kwamba deni lako. Tutalazimika kumpigia mwajiri wako.* Nesi alinyanyua uso kutoka kwenye karatasi yake. Nikamtazama Mwenyekiti. Jicho lake lilikuwa kwenye dari.

"Usikate," nilisema. "Kaka, nakuomba. Sikiliza tu."

Nikaisogeza simu mdomoni mwake. Alivuta pumzi, pumzi nzito yenye mluzi wake ule mwishoni, akajaribu, ikatoka "aah" moja, ikavunjika, ikatoka nyingine. Shingo ilikaza kwa kazi ile. Kisha akachoka, ikabaki pumzi peke yake, ikiingia na kutoka juu ya kioo cha simu.

Zile sauti ziliendelea kudai. Mtu karibu naye akauliza, "Wewe, bado uko na mteja?"

"Ngoja," akasema, si kwangu.

Kisha kwangu, polepole: "Andikeni jina langu. Mleteni. Nitakuwa hapo uwanja wa ndege."

Nesi aliandika. Nikanyoosha mkono kuichukua simu.

"Usiitoe hapo, dada," alisema. "Bado namsikia."